Mfalme Akikataza Vyama, Mrithi Wake Ni Jeshi

Tarehe 12 Septemba 1974 maofisa wachache wa jeshi waliingia katika kasri la Mfalme Haile Selassie mjini Addis Ababa, wakamsomea tangazo la kumwondoa madarakani, kisha wakampakia kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo na kumpeleka kizuizini. Alikuwa na umri wa miaka 82. Alikuwa ameitawala nchi kwa cheo kimoja au kingine tangu 1916, na ukoo wake ulijitangaza kuwa uzao wa Mfalme Suleimani na Malkia wa Sheba. Siku hiyo hakuna kikosi kilichofyatua risasi kumtetea. Walinzi wake hawakusogea, na Kanisa lililompaka mafuta halikusimama upande wake. Wakulima ambao kwa karne nyingi walikuwa wakiinama msafara wa mfalme ulipopita waliendelea na shughuli zao.

Ufalme mkongwe kiasi hicho ulikosaje hata mtu mmoja wa kuufia? Jibu linalotolewa mara nyingi hutaja njaa ya wakati huo katika mkoa wa Wollo, bei ya mafuta na mishahara midogo ya askari. Mambo hayo yalikuwepo na yaliuma. Lakini Ethiopia ilikuwa imepitia njaa nyingine kubwa kabla ya hapo: ile ya 1888 hadi 1892, ile ya Tigray ya 1958, na ile iliyoipiga Wollo yenyewe mwaka 1966. Watu walikufa kwa wingi na kiti cha enzi hakikutikisika. Watu wanapoamini kwamba njaa ni majaliwa ya Mungu huzika maiti zao na kurudi shambani. Wanapoamini kwamba ni kosa la mwenye mamlaka humtafuta mwenye kosa. Kati ya imani hizo mbili kuna safari ndefu ya mawazo, na kwa Ethiopia safari hiyo ilichukua kama miaka 15.

Madai ya kiti cha enzi

Utawala wa Ethiopia ulijengwa juu ya hoja iliyoandikwa. Kitabu cha Kebra Nagast, kilichokamilishwa katika karne ya 14, kiliunganisha ukoo wa wafalme na nyumba ya Daudi. Haile Selassie alipotunga katiba ya 1931, na hata alipoipanua mwaka 1955, aliiingiza hoja hiyo katika sheria: nafsi ya mfalme ni takatifu, heshima yake haiguswi, mamlaka yake hayahojiwi. Katiba ya 1955 iliwapa wananchi haki ya kuchagua wabunge wa baraza la chini, na uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957. Baraza la juu liliteuliwa na mfalme. Vyama vya siasa havikuruhusiwa, kwa hiyo kila mgombea alikwenda bungeni akiwa peke yake, na mara nyingi alikuwa mwenye mashamba au mtu wa mwenye mashamba.

Wasomi wa Ulaya waliijua hoja hii tangu zamani. Mwingereza Robert Filmer aliandika kwamba mamlaka ya mfalme yametokana na ubaba wa Adamu, na kwamba raia ni watoto wasio na haki ya kumhoji baba. John Locke akamjibu mwaka 1689 kwamba mtawala hupewa mamlaka kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, na akivunja masharti, ridhaa hiyo huondoka. Hoja ambayo Waingereza walikuwa wameizika katika karne ya 17 ndiyo iliyokuwa katiba ya nchi ya Kiafrika katikati ya karne ya 20.

Chini ya hoja hiyo kulikuwa na ardhi. Kaskazini, familia nyingi zilikuwa na haki ya shamba kwa kurithi kutoka kwa mababu, ingawa zililipa ushuru kwa makabaila na Kanisa. Kusini hali ilikuwa kali zaidi. Majeshi ya Mfalme Menelik wa Pili yaliziteka nchi za Waoromo, Wasidama, Wawolayta na wengine katika robo ya mwisho ya karne ya 19, na ardhi yao ikagawiwa maofisa, askari na watumishi wa dola. Mwenyeji akawa mpangaji katika shamba la babu yake. Alitoa theluthi hadi nusu ya mavuno, na juu ya hayo kazi ya bure na zawadi za sikukuu. Wazee wa Kagera, Tanzania, wanaoikumbuka nyarubanja, ule mfumo wa mkulima kuwa mpangaji wa bwana wa ardhi, wataelewa haraka maumivu hayo, isipokuwa kwamba kusini mwa Ethiopia mwenye shamba mara nyingi alikuwa na lugha nyingine, dini nyingine na bunduki.

Alisomesha, akaziba midomo

Haile Selassie hakuwa mfalme wa kulala. Alirudi kutoka uhamishoni mwaka 1941 baada ya Waitaliano kufukuzwa, akajenga wizara, jeshi la kisasa, shirika la ndege na shule. Mwaka 1950 chuo kikuu cha kwanza kilifunguliwa Addis Ababa. Kwa hatua hizo alivunja nguvu za makabaila wa mikoani na kukusanya mamlaka yote mkononi mwake. Lakini shule hizo zilimzalia tabaka jipya la walimu, maofisa vijana, makarani na wanafunzi, ambao hawakuwa na nafasi yoyote ya kuamua mambo ya nchi. Alexis de Tocqueville, akiyatafakari mapinduzi ya Ufaransa katika kitabu chake cha 1856, alieleza kwamba serikali mbovu huingia katika hatari kubwa zaidi pale inapoanza kujirekebisha, kwa sababu watu huonja mabadiliko na kushindwa kuvumilia yale yaliyobaki. Ethiopia ilithibitisha maneno hayo.

Onyo la kwanza lilikuja Desemba 1960. Mfalme akiwa ziarani Brazil, kamanda wa walinzi wake, Jenerali Mengistu Neway, na mdogo wake Germame waliteka mji mkuu. Germame alikuwa amesoma Marekani na kurudi kuwa mkuu wa wilaya kusini, akajaribu kuwagawia watu wasio na ardhi mashamba yaliyokaa bure, na wenye mashamba wakamshtaki kwa mfalme. Jaribio lao lilizimwa kwa siku chache, Germame akafa na kaka yake akanyongwa hadharani. Hata hivyo kwa mara ya kwanza Waethiopia walisikia redioni kwamba nchi imebaki nyuma kuliko mataifa mapya ya Afrika, na kwamba aliyeibakiza nyuma ni mtawala.

Wanafunzi waliichukua hoja hiyo na kuipa makali. Februari 1965, bunge lilipokuwa na mswada wa kuwalinda wapangaji wa mashamba, waliandamana hadi bungeni wakidai ardhi iende kwa anayeilima. Mswada haukupita, na kila uliporudishwa miaka iliyofuata wabunge wenye mashamba waliukwamisha. Novemba 1969 mwanafunzi Walelign Mekonnen alichapisha makala katika jarida la wanafunzi akisema kwamba Ethiopia si taifa moja, ni mkusanyiko wa mataifa chini ya utamaduni wa wachache. Mwezi uliofuata rais wa umoja wa wanafunzi, Tilahun Gizaw, alipigwa risasi akafa, na askari wakawaua wanafunzi wengine waliokusanyika kuomboleza.

Huko mashambani watu hawakuwasubiri wasomi. Mkoa wa Bale uliwaka moto tangu 1963 hadi 1970 chini ya kiongozi wa waasi Waqo Gutu. Gojjam iliasi mwaka 1968 kwa sababu ya kodi mpya ya mapato ya kilimo. Eritrea ilikuwa imeshika silaha tangu 1961, na mfalme alipouvunja muungano wa shirikisho kati yake na Ethiopia mwaka 1962 alimwaga petroli kwenye moto huo. Huko Arsi, mradi wa kilimo uliogharamiwa na Sweden kuanzia 1967 uliongeza mavuno kwa mbegu bora na mbolea. Wenye mashamba walipoona faida walinunua matrekta na kuwafukuza wapangaji. Maendeleo yalikuja, na yakamkuta mkulima maskini akiwa njia panda na mizigo yake kichwani.

Mawazo yalikuwa yameiva, lakini hayakuwa na chama cha kuyabeba. Umoja wa wanafunzi ulipigwa marufuku mara kwa mara. Makundi mawili yaliyokuja kutikisa siasa za nchi yalizaliwa ugenini na kwa siri: Meison mjini Hamburg mwaka 1968, na lile lililokuja kuitwa EPRP mjini Berlin mwaka 1972. Mkulima wa Sidamo hakuweza kujiunga na kundi asilolijua kwa jina. Miongoni mwa raia, chombo cha kitaifa chenye ruhusa ya kisheria kilikuwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CELU, lililoundwa 1963 na kufungwa kamba nyingi. Nje ya Kanisa, taasisi iliyokuwa na watu kila mkoa, redio za mawasiliano, magari na nidhamu ya pamoja ilikuwa jeshi.

Miezi minane ya 1974

Januari 1974 askari wa kambi ya Negele, kusini, waliasi kwa sababu ya chakula kibovu na maji. Pampu yao ilikuwa imeharibika na maofisa walikataa kuwagawia maji ya kisima chao. Jenerali aliyetumwa kuwatuliza alikamatwa na kulazimishwa kula chakula cha askari. Mfalme aliwaahidi nafuu na hakumwadhibu mtu, na habari hiyo ikasambaa kwa redio za jeshi kutoka kambi hadi kambi. Februari madereva wa teksi waligoma baada ya bei ya mafuta kupanda kutokana na vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973. Walimu waligoma kupinga mpango wa elimu ambao wazazi waliuona kama mlango wa kumfungia mtoto wa maskini asifike sekondari. Waziri Mkuu Aklilu Habte-Wold alijiuzulu mwisho wa mwezi huo, nafasi yake ikachukuliwa na Endalkachew Makonnen, naye akiwa mtoto wa makabaila. Machi CELU iliitisha mgomo mkuu wa kwanza katika historia ya nchi. Aprili 20 Waislamu wapatao 100,000, wakiungwa mkono na Wakristo wengi, waliandamana Addis Ababa kudai usawa wa dini katika dola ambayo mfalme wake alipaswa kuwa mfuasi wa Kanisa la Othodoksi.

Kila kundi lilijua linachotaka, lakini hapakuwa na meza ya kuyaweka madai hayo pamoja: hapakuwa na bunge lenye vyama, chama cha upinzani chenye matawi, wala gazeti lililo huru kuchapisha mjadala. Tarehe 28 Juni askari na maofisa wa ngazi za chini na kati, zaidi ya 100, waliokuja kama wawakilishi wa vikosi mbalimbali, walikaa Addis Ababa na kuunda kamati iliyojulikana kama Derg. Kaulimbiu yao ilikuwa Ethiopia kwanza. Walianza kwa kuapa utii kwa mfalme, kisha wakawakamata mawaziri na makabaila mmoja baada ya mwingine, wakavifuta vyombo vya kasri kimoja kimoja, hadi mfalme akabaki peke yake. Usiku wa Septemba 11, siku ya mwaka mpya wa Kiethiopia, televisheni ilionyesha filamu ya mwandishi Jonathan Dimbleby juu ya njaa ya Wollo, iliyochanganywa na picha za karamu za kifalme. Serikali ilikuwa imeificha njaa hiyo huku watu makumi ya maelfu wakifa. Asubuhi yake maofisa walipokwenda kumchukua mfalme, kazi ya kumwondoa mioyoni mwa watu ilikuwa imeshakamilika.

Siku hizo hizo wanafunzi na CELU walidai serikali ya muda ya raia, yenye wajumbe wa makundi ya wananchi. Derg ilikataa, na viongozi wa CELU wakawekwa ndani. Hapo ndipo hatima ya mapinduzi ilipoamuliwa, wiki chache tu baada ya mfalme kuondoka. Tarehe 23 Novemba watu wapatao 60, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu na Endalkachew, waliuawa bila kufikishwa mahakamani, ilhali tume ya kuchunguza makosa yao ilikuwa kazini. Jenerali Aman Andom, aliyewekwa kuwa mkuu wa Derg na kupinga mauaji hayo, aliuawa nyumbani kwake usiku huo huo.

Wazo la mmoja, bunduki ya mwingine

Ni lazima tuwe wakweli juu ya kile ambacho Derg ilifanya. Sheria ya ardhi ya Machi 4, 1975 iliufuta ukabaila kwa kalamu moja. Ardhi yote ya vijijini ikawa mali ya umma, upangaji ukakoma, na familia haikuruhusiwa kulima zaidi ya hekta 10. Umati mkubwa ulijaa mitaa ya Addis Ababa kushangilia. Wanafunzi na walimu wapatao 60,000 walikuwa wakipelekwa vijijini kuwaeleza wakulima haki zao na kuunda vyama vya wakulima. Wapangaji wa kusini waliacha kulipa, na hakuna serikali iliyofuata iliyothubutu kuwarudisha makabaila. Wiki chache baadaye, Machi 21, ufalme wenyewe ulifutwa rasmi.

Lakini wazo lilikuwa la watu walioteswa kwa ajili yake kwa miaka 10, na walioitekeleza sheria walikuwa watu wasiowajibika kwa yeyote. Wakulima walipewa ardhi pasipo sauti. Shirika la serikali la kununua nafaka liliwawekea kiwango cha kuuza na bei ya kuuzia. Miaka ya 1980 mamilioni walihamishwa na kurundikwa katika vijiji vipya, na njaa ya 1984 na 1985 ikaua watu kwa malaki. Wasomi waliodai serikali ya raia waligawanyika: Meison waliamua kuwashauri wanajeshi, EPRP wakaamua kupambana nao. Mengistu Haile Mariam, mmoja wa maofisa wa Derg, alipowaua wenzake ndani ya kamati hiyo Februari 1977 na kubaki mkuu asiye na mpinzani, aliwageukia wote. Katika ugaidi mwekundu wa 1977 na 1978 maelfu kwa maelfu ya vijana waliuawa. Kizazi kilichodai ardhi kwa mkulima kiliangamizwa na serikali iliyoipitisha sheria hiyo.

Wapo wanaosema kwamba nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma haikuweza kuwa na siasa za vyama, na kwamba jeshi lilijaza pengo lisiloweza kuzibwa na mwingine. Matukio ya miezi ile yanakanusha. Watu walioweza kupanga mgomo wa nchi nzima, maandamano ya Waislamu na Wakristo bega kwa bega, na uasi wa miaka saba kule Bale hawakukosa uwezo wa kujipanga. Walikosa ruhusa na muda. Chama hujifunza kujadiliana, kushindwa na kungoja zamu kwa kufanya hivyo miaka na miaka. Haile Selassie aliwanyima Waethiopia miaka hiyo.

Jambo hili halikuwa la Ethiopia peke yake. Misri ilimwondoa Mfalme Farouk mwaka 1952 kwa mkono wa maofisa, Burundi ikamwondoa Ntare wa Tano mwaka 1966 kwa mkono wa Micombero, Libya ikamwondoa Idris mwaka 1969 kwa mkono wa Gaddafi. Pote huko wanajeshi walishika madola kwa miongo mingi. Zanzibar inatupa picha tofauti kidogo. Katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 kati ya 31, na uhuru wa Desemba ukakabidhiwa serikali ya vyama vya ZNP na ZPPP chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah. Januari 12, 1964 serikali hiyo ilipinduliwa, na damu nyingi ikamwagika ambayo hadi leo haijazungumzwa inavyostahili. Kwa kuwa kulikuwa na chama chenye matawi na wanachama, madaraka yaliishia kwa chama, na ardhi ikagawiwa wakulima eka tatu tatu. Lakini chama hicho nacho kilivifuta vingine, na Wazanzibari hawakupiga kura ya kumchagua rais wao hadi 1980. Kuwa na chama kulisaidia. Kuwa na chama kimoja tu kulirudisha sehemu ya ugonjwa uleule.

Hata Ulaya njia haikuwa nyepesi. Waingereza walimkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649, wakaishia mikononi mwa jemadari Cromwell, wakamrudisha mfalme mwaka 1660, na hawakutulia hadi 1689 walipoweka katika sheria kwamba mfalme hawezi kutoza kodi wala kuweka jeshi wakati wa amani bila bunge. Ufaransa ilitangaza haki za binadamu na raia Agosti 1789, miaka mitatu kabla ya kuufuta ufalme, kisha ikapita katika umwagaji damu na utawala wa Napoleon. Tofauti na Ethiopia ni kwamba Wafaransa walikuwa na baraza lililojadili hadharani na kuandika, na vizazi vilivyofuata vilikuwa na kitu cha kukirudia. Ethiopia ilirudia swali la Walelign juu ya mataifa katika katiba ya 1995, baada ya vita vya miaka mingi. Swali hilo lingeweza kujadiliwa bungeni mwaka 1969, kabla halijajibiwa kwa bunduki.

Ninaandika haya nikiitazama Eswatini. Aprili 1973 Mfalme Sobhuza wa Pili aliifuta katiba na kuvipiga marufuku vyama. Mwanawe, Mswati wa Tatu, anatawala tangu 1986, na hadi leo wagombea huingia bungeni mmoja mmoja, kama ilivyokuwa Ethiopia ya 1957. Mwaka 2021 vijana waliingia barabarani kudai waziri mkuu anayechaguliwa na vyama vinavyoruhusiwa, na makumi yao wakauawa. Januari 2023 mwanasheria Thulani Maseko, aliyedai mageuzi kwa njia ya mazungumzo, alipigwa risasi nyumbani kwake. Madai yao hayakuwa ya kumwaga damu ya mfalme. Walidai meza ambayo Waethiopia wa 1974 hawakuwa nayo, na kila mwaka unaopita bila meza hiyo unaziongezea nguvu taasisi zenye silaha.

Hoja hii inawahusu vilevile marais wanaokaa miaka 30 na kuwaweka ndani wapinzani kwa madai ya kulinda utulivu. Utulivu wa namna hiyo huandaa mrithi ambaye mtawala mwenyewe hamtaki. Mtawala asiyetaka nchi yake irithiwe na kambi ya jeshi ana kazi moja ya kuifanya angali na nguvu: awaache watu wajipange, wabishane, washinde na washindwe kwa kura, na yeye mwenyewe awe miongoni mwa wanaoweza kushindwa.